Kisamvu: maji ya kwanza yamwagwe au yabaki chunguni?

Mwenye Uzi (Malindi)

Hamjambo nyote. Naufungua uzi huu kwa sababu ya sufuria moja ya kisamvu ambayo nusura inivunjie nyumba, na ningependa wenye ujuzi wa mboga hii waniamulie kabla sijawasha moto mwingine.

Mimi nimelelewa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na mke wangu ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu. Kwao, majani ya muhogo hutokoswa kwanza yakiwa mazima, maji yake ya kijani yakamwagwa, ndipo yakatiwa kinuni na hatimaye kurudi motoni pamoja na tui. Kwetu, majani hutwangwa yangali mabichi, pamoja na kitunguu saumu na chumvi kidogo, kisha hutiwa chunguni na maji yake hayamwagwi hata tone, kwani marehemu mama alikuwa akisema kwamba anayemwaga maji ya mboga amekwisha kuimwaga mboga yenyewe. Kwa miaka tisa tumepokezana bila ya ugomvi: zamu yake hupikwa kwa njia yake, zamu yangu kwa njia yangu, na hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo.

Ijumaa mbili zilizopita mke wangu alikuwa amekwenda kwao harusini, nami nikaingia jikoni na haraka zangu. Kinu kilikuwa kwa jirani. Nilichuma majani kwenye mti ulioota wenyewe mpakani mwa kiwanja, nikayakatakata kwa kisu kama sukuma wiki, nikayatia katika maji yanayochemka, nikafunika sufuria ili kuokoa gesi, na kwa kuwa nimelelewa kutomwaga maji, sikuyamwaga. Nilitia tui la nazi nzima. Kwa macho, kisamvu kilipendeza. Kwa ulimi, kilikuwa na uchungu kidogo ambao nilidhani ni wa jani changa, nikauficha kwa ndimu.

Tulikula watatu, mimi na wanangu wawili, kwa sima. Hazikutimia saa mbili, mdogo akaanza kulia kwamba kichwa kinamgonga, kisha akatapika. Dada yake akalalamika kizunguzungu, nami nilipoinuka kumshika nikaona ukuta unasogea. Tulikimbilia zahanati, tukawekwa chini ya uangalizi hadi alfajiri, na kwa rehema za Mungu tukarudi nyumbani wazima. Swali la kwanza tuliloulizwa pale lilikuwa tumekula nini, na la pili, kabla sijamaliza kujibu la kwanza, lilikuwa kama niliyatwanga majani.

Mke wangu aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Maji uliyamwaga?" Nami nawauliza ninyi. Je, maji ya kwanza yamwagwe au yabaki? Na iwapo pande zote mbili zimepika miaka yote hii bila ya madhara, kosa langu lilikuwa wapi hasa: kisu, kifuniko, maji au jani lenyewe?

Bibi wa Langoni (Lamu)

Pole sana mwanangu, na wajukuu zangu wape pole kwa niaba yangu.

Mkeo hakukosea, na njia yake ndiyo niliyoikuta kwa bibi yangu. Huku kisiwani shamba la muhogo si jambo la kila nyumba. Majani mengi hutujia kwa mashua kutoka Mokowe, yakiwa yamechumwa Hindi au mbele zaidi huko Mpeketoni, na yanapofika sokoni yamekwisha kulegea. Jani lililolegea ni tabu kulitwanga likiwa bichi, kwa sababu mchi hulisukuma pembeni na nyuzi zake hubaki kama kamba. Likitokoswa hulainika, na hapo hata mtoto wa miaka kumi hulitwanga akaimba.

Ila njia hii ina masharti yake. Maji yawe mengi hadi majani yaogelee. Sufuria haifunikwi hata kidogo. Moto uwe mkali, na dakika za mwanzo utaona mvuke unapanda na harufu ambayo mimi humkataza mtoto kuiinamia. Majani yakishabadilika kutoka kijani kinachong'aa kuwa kijani cha zeituni, yaache yaendelee kidogo, kisha mwaga maji yote, suuza kwa maji baridi, kamua kwa mikono miwili kama ukamuavyo leso iliyofuliwa, na ndipo uyapeleke kinuni. Majani yakiwa ya muhogo mchungu, hutokoswa mara mbili na kumwagwa mara mbili. Maji yale hatumpi kuku wala punda.

Ulichokipika wewe, mwanangu, si cha Amu wala si cha Malindi.

Msomi wa Vyakula (Malindi)

Shikamoo Bibi. Sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu la swali lote, nami nitaongeza tu sababu zake, kwa kuwa nimeisomea kazi hii.

Jani la muhogo lina kitu kiitwacho linamarini, yaani sukari iliyofungamana na sianidi. Linamarini huhifadhiwa katika kifuko cha ndani cha seli, ilhali kimeng'enya cha kuivunja, kiitwacho linamarase, kimekaa kwenye ukuta wa seli. Maadamu jani ni zima, viwili hivi havikutani. Mdudu akilitafuna, au mchi ukilishukia, kuta hupasuka, kimeng'enya huifikia linamarini na sianidi huachiliwa. Mmea umejiwekea silaha hiyo dhidi ya walaji, lakini kwa mpishi silaha hiyo hiyo ni msaada, kwa sababu sianidi ikishaachiliwa haikai: haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selisiasi, ambazo ni chini ya joto la mchana wa kawaida hapa Malindi, na ikitiwa motoni huondoka na mvuke.

Sasa zitazameni njia zenu mbili. Anayetwanga majani mabichi huzipasua seli karibu zote, na kwa bahati njema linamarase ni nyingi zaidi majanini kuliko katika mizizi, hivyo kazi ya kuivunja linamarini hufanyika kwa haraka humo humo kinuni. Akipika bila ya kufunika, sumu hutoka kwa njia ya hewa, na maji yanayobaki hayana sababu ya kumwagwa. Anayetokosa majani mazima hufanya kinyume kabisa: joto la maji yanayochemka hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini hubaki nzima. Lakini linamarini huyeyuka majini, kwa hiyo maji mengi huivuta, nayo huondoka pale Bibi anapoyamwaga. Kwa Malindi sumu huondoka na hewa; kwa Lamu huondoka na maji.

Ndugu yetu aliifungia njia zote mbili. Kisu hupasua seli za ukingo wa mkato tu, na zilizobaki hukaa na linamarini yake. Maji yaliyokuwa yakichemka tayari yalikiua kimeng'enya. Kifuniko kilizuia mvuke, na hata ile sianidi kidogo iliyokuwa imeachiliwa ikarudi chini na matone. Kisha maji, yaliyokuwa yamekwisha kuivuta linamarini, akayanywesha tui na kuyaleta mezani. Linamarini inayoliwa ikiwa nzima huweza kuvunjwa na bakteria wa matumboni, na hapo sianidi huachiliwa ndani ya mtu.

Kuhusu uchungu aliouficha kwa ndimu: linamarini ina uchungu, na kisamvu kilichopikwa sawasawa hakitakiwi kuwa kichungu. Ukiuonja uchungu wa namna ile, ni heri ukimwage chungu kizima kuliko kukitafutia ndimu.

Mzee wa Mambrui

Nawaheshimu waliosoma, lakini mimi nimekula majani ya muhogo yaliyokatwa kwa kisu tangu ujana wangu, nami nimepita miaka sitini. Isiwe mnawatisha watu wakaacha chakula cha wazee wao wakakimbilia mkate mweupe.

Msomi wa Vyakula (Malindi)

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna anayetaka watu waache kisamvu. Mimi mwenyewe hukila kila wiki. Katika uzani wa jani lililokaushwa, karibu robo huwa ni protini, na juu ya hiyo kuna kalisi, chuma na kile kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Ni mboga chache zinazofikia hapo.

Lakini mazingira hutofautiana. Huenda majani unayoyakata ni ya muhogo mtamu, huenda huchemshwa sana na maji yakamwagwa, na bila ya shaka unakaa pwani na huli kisamvu kitupu. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayopatikana katika baadhi ya protini, na mtu anayekula samaki ana akiba kubwa ya salfa hiyo. Asiye na samaki, nyama wala kunde hana cha kujikinga nacho. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula kule Msumbiji, ukame uliwafanya watu wategemee muhogo mchungu peke yake, bila ya kuuandaa kwa muda unaostahili, na zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Ule ulikuwa mzizi na si jani, na ilikuwa njaa na si mlo wa Ijumaa, lakini sumu ni ile ile.

Na nisahihishe dhana moja inayoenea sana. Muhogo kuwa mtamu maana yake ni kwamba mzizi wake una linamarini kidogo. Linamarini hutengenezwa majanini, na majani ya muhogo mtamu nayo huwa nayo nyingi. Zaidi ya hayo, jani changa la kileleni, ambalo sote tunalipenda kwa ulaini wake, huwa nayo nyingi kuliko jani lililokomaa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba akichagua majani machanga amejiondolea kazi ya kutwanga.

Mkulima wa Msabaha

Mimi nina shaka na huo mti wa mpakani. Mwenye Uzi, ningeomba ukautazame tena kwa makini. Je, una kimo gani? Je, shina lake linabambuka ganda jembamba kama karatasi iliyoloa? Je, vidole vya jani ni vipana, na kikonyo kimeshikana na jani ndani kidogo ya ukingo badala ya ukingoni penyewe?

Mwenye Uzi (Malindi)

Nimetoka kuutazama sasa hivi. Umepita kimo cha paa la makuti. Ganda linabambuka kama ulivyosema, na nilipovunja kijiti utomvu mweupe ulinitiririkia hadi kwenye kifundo cha mkono na kukauka kama gundi. Vidole vya jani ni vitatu hadi vitano na ni vipana kuliko vya muhogo wa shambani. Nilikuwa nikiuita muhogo mwitu.

Mkulima wa Msabaha

Huo ni mpira. Majani yake ndiyo yale ambayo wengi huyaita kisamvu cha mpira, na wako wapishi wasiotaka mengine kwa sababu husagika laini na ladha yake ni nzito. Jina lake la kitaalamu ni Manihot glaziovii, ndugu wa damu wa muhogo, na asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili, kama ambavyo muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, hapakuwa na jani la muhogo hata moja katika pwani hii. Wareno waliujua muhogo huko Brazili baada ya mwaka 1500, ndipo ukavuka bahari.

Mpira ulikuja kwa sababu nyingine kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20, bei ya mpira ilipopanda duniani, walowezi walianzisha mashamba ya mti huu pwani, Malindi ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, na Wajerumani wakafanya hivyo kwa wingi zaidi upande wa Tanganyika. Kufikia mwaka 1913 mpira wa Asia ulikuwa umejaa masokoni, bei ikaanguka, na mashamba yakaachwa. Miti haikuondoka. Iliendelea kuota mipakani na uani, na watu wa pwani wakaendelea kuichuma majani.

Una deni lingine kwa mti huo usilolijua. Muhogo wetu husumbuliwa na ugonjwa wa batobato, unaoyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano, na ambao hubebwa na inzi weupe. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, watafiti wa miaka ya 1930 waliuzalisha muhogo pamoja na mpira huu ili muhogo urithi uwezo wa kustahimili, na aina nyingi zinazostahimili batobato barani Afrika zina chembe za mti huo katika nasaba yake. Kwa hiyo usiukate kwa hasira. Ila ujue kwamba una sumu ile ile ya muhogo, na wanaoupenda hawaupiki bila ya kuutwanga kwa muda mrefu.

Kwa wanaotaka majani ya shambani, kuna mambo machache niliyoyajua kwa kupata hasara. Kibandameno ndiyo aina inayopendwa kuliko zote huku kwetu kwa mzizi wake mtamu, lakini haistahimili maradhi. Kaleso hustahimili vizuri ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ni adui wa siri, kwani majani huweza kuonekana mazuri kabisa kumbe mzizi chini umeoza na kukauka kama gome. Jani lenye batobato halimdhuru mlaji, kwa sababu virusi vya mmea haviambukizi mtu, lakini usichukue kijiti cha kupanda kutoka kwenye shina hilo. Na mchumaji awe na kiasi. Mimi huchuma kilele na majani matatu au manne yanayofuata, kisha shina hulipumzisha karibu mwezi mzima. Mwaka fulani niliyauza majani kila wiki kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na siku ya kung'oa nilipata mizizi kama vidole vya mguu.

Mgeni wa Moroni, mkaazi wa Lamu

Naongeza kidogo tu. Kwetu Ngazija mboga hii inaitwa mataba, na hupikwa kwa nazi kwa muda mrefu hadi mafuta yaelee juu. Wabukini, yaani watu wa Madagaska, wanaiita ravitoto na huipenda na nguruwe, Msumbiji ni matapa, na Wakongo wana pondu na sombe. Nimekula karibu zote, na kote huko sijaona jikoni ambamo majani hayatwangwi au kusagwa.

Dada wa Barani (Malindi)

Naomba kuuliza kwa niaba ya sisi tusio na kinu. Nyumba yangu ni ya chumba kimoja ghorofani, na nikianza kutwanga saa kumi na mbili asubuhi, jirani wa chini atanipeleka kwa mwenye nyumba. Je, blenda inafaa? Na kile kisamvu kinachouzwa sokoni kikiwa kimesagwa tayari, kina usalama gani?

Msomi wa Vyakula (Malindi)

Blenda inafaa kabisa, dada, kwa sababu makali yake huzipasua seli sawasawa na mchi. Tia maji kidogo tu ya kuizungusha, na usage hadi pasibaki kipande cha jani kinachoonekana. Kisha usikimbilie motoni mara moja. Tandaza uji huo kwenye sinia pana, uache upigwe na hewa, kwani kimeng'enya huhitaji muda wa kufanya kazi. Wako watafiti waliopendekeza majani yaliyotwangwa yatandazwe juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, kisha yasuuzwe mara kadhaa, na kwa namna hiyo sumu huondolewa bila ya moto mwingi unaopoteza vitamini. Kwa mapishi yetu ya nazi utapika tu hata hivyo, lakini muda huo wa sinia ni bima.

Kisamvu cha sokoni kilichosagwa asubuhi hiyo hiyo hakina tatizo kikipikwa bila ya kufunikwa. Ninachokiangalia mimi ni harufu ya uchachu, ambayo ni dalili kwamba kimelala. Zamani kilikuwa kikifungwa katika mifuko ya plastiki inayotoa jasho. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Agosti 2017 naona wengi hukifunga katika majani ya mgomba au huuza kwa kupimia bakuli, na kwa mboga hii nadhani ni afadhali.

Mama Jiko wa Watamu

Mmezungumza sana habari za sumu hadi mgeni atadhani tunakula dawa ya panya. Hebu tuingie jikoni.

Kisamvu huanza na kuondoa vikonyo, kwa sababu kikonyo kimoja kikiingia kinuni utakikuta mdomoni. Majani yaoshwe, yapumzike kivulini kidogo yatoke maji ya juu, kisha yatiwe kinuni kwa mafungu, si yote kwa pamoja. Mimi hutwanga na kitunguu saumu punje nne na pilipili mbichi moja. Mwanzoni kinu hutoa sauti kavu, na jani huruka. Kidogo kidogo sauti hubadilika ikawa nzito, mchi ukaanza kunata, na rangi ikaiva kuwa kijani cha giza chenye povu pembeni. Hapo ndipo watu wengi huacha, na hapo ndipo mimi huhesabu kwamba nimefika nusu. Ukichukua kidogo kwa vidole viwili ukakisugua na usihisi uzi wowote, basi kimekwisha.

Chungu cha udongo ndicho bora, lakini sufuria haina ubaya. Kinapikwa kwa maji na tui la mwisho, lile jepesi, kwa muda wa saa nzima au zaidi, wazi, moto wa wastani, huku ukikoroga. Kutofunika kuna faida nyingine, kwani mboga iliyofunikwa huwa ya rangi ya udongo. Wako wanaotia magadi kidogo ili kiwahi kulainika na kibaki kijani. Mimi sitii, kwa sababu ladha huwa ya sabuni, na nimeambiwa kwamba vitamini C nayo haivumilii magadi. Kitunguu, nyanya na bizari hukaangwa pembeni katika mafuta kidogo, kisha humiminwa ndani pamoja na kunde au mbaazi zilizochemshwa. Anayetaka kamba au papa mkavu aliyerowekwa, wakati wake ni huu.

Kasimile, yaani tui zito la kwanza, huingia mwisho kabisa. Nazi moja kubwa kwa mboga ya watu wanne, ikunwe kwa mbuzi na isisagwe kwa blenda, na nisamehewe na dada wa Barani. Ukishamimina, punguza moto na usiache kukoroga, kwa maana tui zito likichemka kwa nguvu hukatika, na mboga yote huwa na chembechembe. Kikianza kutoa mafuta ukingoni, kiepue. Kwa wali mweupe au kwa sima, na kesho yake asubuhi, kikiwa kimelala na kupashwa moto, ni kitamu kuliko jana yake. Hilo sitabishana na mtu.

Bibi wa Langoni (Lamu)

Mama Jiko umenikosha. Sisi pia humaliza kwa kasimile, na hapo ndipo Amu na Malindi hukutana tena. Ila mimi hunyunyizia ufuta uliokaangwa na kutwangwa, kwa sababu huku Lamu ufuta tunaulima.

Msomi wa Vyakula (Malindi)

Na ufuta huo, Bibi, una aina ya salfa ambayo protini ya kisamvu imepungukiwa nayo. Bibi yako hakuambiwa na mtu, lakini aliuweka pale panapostahili.

Mzee wa Mambrui

Nimesoma yote. Nimemuuliza mke wangu, naye amenicheka na kunijibu kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akiyatokosa yale majani na kumwaga maji kabla sijaamka. Nafuta kauli yangu kuhusu kisu.

Mwenye Uzi (Malindi)

Nawashukuru wote, na narudi na habari za Jumamosi iliyopita.

Mkulima wa Msabaha alitupatia majani ya Kibandameno, vikapu viwili, na tuliamua kupika kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, kila mtu na sufuria yake. Mke wangu aliyatokosa yake mazima katika sufuria kubwa iliyokuwa wazi, nami nilisimama kando kutazama kwa mara ya kwanza kile ambacho kwa miaka tisa nilikiona ni ufujaji. Maji aliyoyamwaga yalikuwa ya kijani kibichi na yenye harufu nzito, na aliyamwaga mbali, nyuma ya choo. Mimi nilitwanga hadi bega likaniuma, nikapita ile nusu aliyoitaja Mama Jiko, nikatandaza sinia kivulini hadi baada ya sala ya adhuhuri, kisha nikapika wazi bila ya kumwaga kitu.

Tofauti ipo. Cha mke wangu ni laini zaidi, kimepoa ladha, na tui lake ndilo linalotawala. Changu kina ladha nzito ya jani na kina rangi ya giza. Cha kushangaza ni kwamba kikapu kizima cha majani, kwa njia yoyote ile, hakikutoa zaidi ya bakuli moja na nusu. Binti yangu alikula cha mama yake na mdogo wake akakataa vyote viwili, akala sima na samaki, nami sikumlazimisha.

Mti wa mpira nimeuacha. Mke wangu ameufunga utepe mwekundu kwenye shina ili mtu yeyote atakayechuma ajue kwamba ule si wa kisu. Kinu kimerudi kutoka kwa jirani, na kifuniko cha sufuria ile amekichukua na kukiweka juu ya mtungi wa maji ya kunywa, ambako amesema ndiko kitakakokaa.